Arubuni ya Asilimia Tano

 Najua wengi mmo humu kusikiliza habari za kodi kwa sababu mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mmelipwa na mtu asiyekuwa mwajiri wenu. Mmoja ametafsiri mwongozo wa afya, mwingine amepiga picha za mkutano, mwingine ametengeneza programu ya kuhesabia mali ya duka la dawa, mwingine amefundisha watumishi wa shirika siku tano akalipwa kwa ankara. Nitasema kwa ajili yenu, na mhasibu aliyepo atanivumilia nikieleza mambo anayoyajua tangu zamani.

Nianze na binti mmoja mfasiri aliyenijia mwaka jana. Alikuwa amepeleka ankara ya shilingi 3,000,000, ya kwanza maishani mwake. Akasubiri siku arobaini. Ujumbe wa benki ulipoingia, ulisoma 2,850,000. Alidhani benki imemkata. Akapiga simu benki, wakamwambia wao hawajagusa kitu. Akampigia mteja, na mhasibu wa huko akamjibu kwa maneno matatu: "Hiyo ni zuio." Basi akaja kwangu na maswali mawili. La kwanza, hiyo 150,000 imekwenda wapi? La pili aliliuliza uso ukiwa umekunjuka kidogo: kwa hiyo kodi nimeshalipa, nimemaliza?

Swali la kwanza jibu lake ni jepesi. Swali la pili ndilo lililonileta hapa, maana nimeona vijana wenye akili na bidii wakilijibu wenyewe, na jibu hilo likawafilisi.

Kodi ya zuio inafanya kazi hivi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka anayekulipa ada ya huduma azuie asilimia 5 ya ada hiyo kabla hajakupa chako, kisha aipeleke Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo 150,000 ya binti yule haikupotea. Ilitakiwa iende TRA ikiwa na jina lake na namba yake ya mlipakodi, ikae huko ikimsubiri. Kiwango hicho ni cha mtu anayeishi nchini. Mgeni asiye mkazi hukatwa asilimia 15. Na kwa wenzetu waliotoka Unguja na Pemba, kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo haya yanawahusu vilevile.

Sasa lile la pili. Ukienda kwa fundi seremala ukaagiza kabati, fundi hukuomba arubuni. Unatoa kitu kidogo, anaandika kwenye daftari lake, na wote wawili mnajua kwamba bei ya kabati ni nyingine. Siku ya kuchukua kabati ndipo mnapofanya hesabu: bei kamili, toa arubuni, lipa kilichobaki. Asilimia 5 unayokatwa kwenye ankara ni arubuni ya namna hiyo. Bei ya kabati bado haijatajwa. Itatajwa mwaka ukiisha, utakapojumlisha mapato yote ya Januari hadi Desemba, ukatoa gharama, ukaweka kinachobaki kwenye viwango vya kodi.

Zipo kodi za zuio ambazo zikikatwa ndiyo imetoka. Riba ya akiba anayolipwa mtu binafsi na benki ni mojawapo, na hapo ndipo uvumi unapoanzia: mtu amesikia kwa jirani yake kwamba zuio ni kodi ya mwisho, naye anaichukua kauli hiyo na kuivalisha ankara yake ya ushauri. Pato la biashara haliko hivyo. Na wewe uliyejiajiri, hata kama ofisi yako ni meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama, una biashara.

Twende na hesabu ya binti yule, pole pole, kwa sababu humu ndimo mambo yote yalimo. Alinikubalia niwasomee, mradi nisimtaje jina.

Kwa mwaka mzima ankara zake zilifika shilingi 24,000,000. Wateja walimkata asilimia 5, yaani 1,200,000, akabaki na 22,800,000 mkononi. Gharama zake halali za kazi, yaani intaneti, umeme, nauli za kwenda kwa wateja, programu za kutafsiria, na malipo kwa mwenzake aliyemsaidia kazi moja kubwa, zilifika 5,100,000. Alinunua pia kompyuta mpakato ya 2,400,000. Kompyuta haiondolewi yote kwa mwaka mmoja. Sheria inaiweka katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza anaondoa 900,000, mwaka wa pili 562,500, na kuendelea kushuka. Ukijumlisha 5,100,000 na 900,000 unapata 6,000,000. Toa kwenye 24,000,000, pato lake linalotozwa kodi ni 18,000,000.

Viwango vya mtu binafsi kwa mwaka viko hivi sasa: shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Kutoka hapo hadi 9,120,000 ni asilimia 20. Hadi 12,000,000 ni asilimia 25. Juu ya 12,000,000 ni asilimia 30. Ni ngazi, na kila kipande cha pato hutozwa kwa kiwango cha ngazi yake tu. Nawasihi mlishike hilo, kwa maana kuna mtu aliwahi kukataa kazi ya milioni mbili akiogopa kwamba itamwingiza kwenye asilimia 30 na kula pesa zake zote za nyuma. Hakuna kitu kama hicho. Asilimia 30 ingeigusa ile milioni mbili peke yake.

Kwa binti yetu, ngazi nne za mwanzo zinatoa kodi ya 1,536,000. Milioni sita zilizo juu ya 12,000,000 zinatozwa asilimia 30, yaani 1,800,000. Jumla 3,336,000. Hiyo ndiyo bei ya kabati. Toa arubuni ya 1,200,000. Anadaiwa 2,136,000.

Nilipomwandikia tarakimu hiyo kwenye karatasi alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini hiyo pesa sina, nimeshaitumia." Ndivyo ilivyo kwa karibu kila anayeanza. Hakuiba, hakuficha. Alidhani 22,800,000 zote ni zake, na mwaka mzima aliishi kama mtu mwenye 22,800,000.

Mwajiriwa halijui jambo hili kwa sababu halimfiki. Mwajiri humkatia PAYE kila mwezi, hesabu nzima, na mshahara unaoingia benki umeshatakaswa. Mtu akitoka kwenye ajira akaanza kufanya kazi kwa mikataba hubaki na jicho lile lile la mshahara: kilichoingia ni changu. Kubadili jicho hilo ni kazi ngumu kuliko hesabu yenyewe. Mimi huwaambia wanaonijia wafungue akaunti ya pili, au wachukue laini ya pili ya simu kwa ajili ya pesa ya kazi, na siku ile ile malipo yanapoingia wahamishe shilingi 10 katika kila 100 ya ankara. Kwa binti yetu kiasi kilichohitajika ni karibu 9 katika kila 100, ukiacha ile 5 iliyokwisha kukatwa. Mwenye pato kubwa zaidi aweke zaidi.

Sasa nizungumzie karatasi, na hapa mtanivumilia nikikawia.

Baba yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile la bati, ambalo hatukuruhusiwa kulichezea. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya maendeleo, za mwaka baada ya mwaka, zimekunjwa mara nne. Mgambo walikuwa wakisimama njiani asubuhi, na asiyekuwa na stakabadhi alikwenda nao. Hata kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003 baba hakulitupa lile kopo. Nikiwa kijana niliona ni woga wa watu wa zamani. Leo ninafanya kazi ya kodi, na nimeelewa kwamba mzee alijua jambo moja ambalo shule haikunifundisha: kulipa ni kitu kimoja, kuweza kuonyesha kwamba umelipa ni kitu kingine.

Nililipia somo hilo mwenyewe. Mkataba wangu wa kwanza wa ushauri niliufanya kwa shirika moja, sitalitaja. Walinikata asilimia 5 kwa awamu tatu. Sikuomba cheti cha kodi ya zuio hata mara moja, niliona ni kama kuwadai watu walionipa riziki. Wakati wa kupeleka ritani ulipofika, nilikwenda na maelezo ya mdomo. Ofisa wa kodi alitazama kwenye mfumo, hakukuwa na kitu chini ya namba yangu. Nilirudi kwa shirika. Mradi ulikuwa umefungwa, mhasibu amehamia mkoa mwingine, na aliyekuwapo alinionyesha kabati la mafaili kwa mkono, akasema nitafute mwenyewe. Nilitafuta siku mbili. Hatimaye nililipa kodi yote, pamoja na ile ambayo ilikuwa imeshatoka mfukoni mwangu. Sikulala vizuri mwezi ule, na si kwa ajili ya pesa tu. Niliona aibu kwamba nilikuwa mhasibu.

Sheria inamtaka aliyekuzuilia akupe cheti, kwa hiyo kukiomba si utovu wa adabu. Andika chini ya ankara yako, kwa sentensi moja yenye heshima, kwamba unaomba cheti cha kodi ya zuio mara malipo yatakapofanyika. Kikija, usiangalie jumla peke yake. Angalia tarakimu tisa za TIN, ile namba yako ya mlipakodi. Ikikosewa tarakimu moja, arubuni yako imeingia kwenye daftari la mtu mwingine, pengine fundi magari wa Sumbawanga ambaye hatajua kamwe kwa nini ana salio. Kwa binti yetu, vyeti vile vilikuwa na thamani ya 1,200,000. Ni pesa iliyoandikwa kwenye karatasi, na huiachi pesa juu ya meza ya mtu.

Karatasi ya pili ni risiti za matumizi. Nirudie hesabu ya binti yule, tuseme hana risiti hata moja. Gharama zinakataliwa, pato linabaki 24,000,000 kama lilivyo, na kodi inapanda kutoka 3,336,000 hadi 5,136,000. Tofauti ni 1,800,000. Ndicho ambacho angekuwa amekitupa kwenye kapu la taka kila alipoambiwa "chukua risiti yako, dada," naye akasema "acha tu."

Sheria inaruhusu gharama iliyotumika yote, na pekee, kwa ajili ya kuzalisha pato. Nauli ya kwenda kwa mteja imo. Nauli ya kwenda msibani haimo, hata kama msibani ulipata mteja. Faini ya barabarani haimo. Kodi ya mapato yenyewe haimo. Intaneti ya nyumbani inayotumiwa na wewe na wadogo zako wanne wanaotazama mpira, hapo kuwa mkweli: gawanya, andika ulivyogawanya, na sababu zake. Ofisa wa kodi anaweza kubishana na mgawanyo wenye sababu, lakini asiye na mgawanyo wowote hana hata pa kuanzia mazungumzo.

Na kuna jambo dogo ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo. Nimekuja na risiti hii ya mashine ya EFD. Mnaiona? Niliipata kwenye duka la vifaa vya ofisi nikaisahau kwenye dashibodi ya gari. Imekuwa nyeupe. Jina la duka halisomeki, tarehe haisomeki, hata ile alama ya mraba ya kuhakikia imefutika. Karatasi hii haiandikwi kwa wino, huandikwa kwa joto, na joto la Dar es Salaam huimalizia kazi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano. Karatasi hii haikumaliza mwaka. Piga picha siku ile ile, weka kwenye folda ya mwezi wake, na juu ya picha andika kazi ya mteja gani. Na ukinunua, taja TIN yako ili iandikwe kwenye risiti.

Nimetaja kwamba binti yetu alimlipa mwenzake kwa kazi aliyomsaidia. Hapo alishtuka tena, maana sheria inamgeuza yeye kuwa mzuiaji. Mtu binafsi akimlipa mtoa huduma kwa shughuli zake za nyumbani hana wajibu huo. Akimlipa kwa ajili ya biashara yake, anazuia asilimia 5 naye, anaipeleka ndani ya zile siku saba, na anampa mwenzake cheti. Kile alichotaka atendewe, anatakiwa akitende.

Turudi nyuma kidogo, kwenye TIN. Wengi mnayo tayari, mliipata mlipoomba leseni ya udereva. Hiyo ni TIN isiyo ya biashara. Ukianza kazi ya kujitegemea unatakiwa ujisajili kama mfanyabiashara ndani ya siku kumi na tano, kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na usajili huo hauna malipo. Akija mtu akakwambia anakutengenezea TIN kwa elfu hamsini, mwache apite.

Ukishajisajili, huingii kwenye mfumo wa mama mwenye duka. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa kuwa humu mna watu waliokwisha kuambiwa vinginevyo. Upo mfumo mwepesi wa kulipa kodi kwa kufuata mauzo ghafi kwa biashara zisizozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Ni mfumo mzuri kwa mwenye genge na mwenye saluni. Lakini watoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za menejimenti, za ujenzi na za mafunzo wameachwa nje yake. Mfasiri, mshauri, mkufunzi, mtengenezaji programu wanatozwa kwa faida, kwa ile ngazi niliyoieleza, na kwa hiyo hesabu za mapato na matumizi ni lazima.

Kwa mawakili, wahandisi, wahasibu na wengine ambao taaluma zao zina bodi na leseni, kuna mlango mwingine wa kujikwaa. Usajili wa VAT kwa wafanyabiashara wengi huanza mauzo yanapofika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kwenu nyinyi, sheria inadai usajili bila kujali ukubwa wa mauzo. Mhandisi kijana aliyetoka kusajiliwa, akianza ushauri wake mwenyewe Bara, ajiulize juu ya VAT ya asilimia 18 kabla hajataja bei. Akishaitaja na kusaini, mteja hatakubali kuongeza, na 18 hiyo itatoka kwenye jasho lake.

Sasa tarehe. Katika lugha yetu neno kodi ni moja, la mwenye nyumba na la serikali. Kodi ya nyumba tumezoea: unalipa miezi sita kabla hujalala hata usiku mmoja, na mwenye nyumba hasubiri aone kama utapata kazi. Kodi ya mapato nayo hulipwa mbele. Kufikia tarehe 31 Machi unatakiwa upeleke makadirio ya kodi ya mwaka unaoendelea, na ulipe awamu ya kwanza. Awamu nyingine ni 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwaka ukiisha, una hadi 30 Juni ya mwaka unaofuata kupeleka ritani ya mwisho na kumaliza tofauti. Malipo yote yana namba yake ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontrol namba, na unaweza kulipa kwa simu ukiwa umekaa.

Wanaoanza huniuliza: nitakadiriaje, na mimi sijui kama mwezi ujao nitapata kazi? Swali la haki. Andika unachokiona leo: mikataba uliyosaini, na ile inayoelekea kusainiwa. Ukipata kazi kubwa mwezi wa Agosti, unaruhusiwa kurekebisha makadirio. Hatari iko kwa anayekadiria kidogo mno kwa makusudi, kwa sababu makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba inaanza kuhesabiwa. Binti yetu, mwaka huu wa pili, amekadiria kodi ile ile ya 3,336,000. Akiondoa zuio analotarajia, kila awamu ni 534,000. Tarehe 31 Machi aliilipa kutoka ile laini ya pili ya simu. Alinitumia picha ya ujumbe wa malipo bila maneno yoyote, na nilifurahi kana kwamba ni mwanangu amefaulu mtihani.

Kwa wenye wateja nje ya nchi nitakuwa mfupi. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa pato lake la popote duniani. Anayelipwa kwa mtandao na mteja wa Berlin hakatwi arubuni yoyote hapa, kwa hiyo bei yote ya kabati inamsubiri, naye aweke akiba zaidi ya wenzake. Mteja wa Nairobi akikulipa ada ya ushauri, sheria ya Kenya inamtaka akuzuilie asilimia 15 kama raia wa Afrika Mashariki. Kiasi hicho unaweza kukidai kama nafuu kwenye ritani yako ya hapa, mradi una cheti chake, na nafuu haitazidi kodi ambayo pato hilo lingetozwa hapa.

Nina jambo moja zito, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kuna vijana humu ambao wanaitwa washauri, na si washauri. Wanaingia ofisini saa mbili asubuhi, wanatoka saa kumi na moja. Wanatumia kompyuta ya ofisi. Wana msimamizi anayewaambia lini wale chakula. Hawana mteja mwingine, na hawaruhusiwi kuwa naye. Kila mwisho wa mwezi wanaandika ankara kwa sura ile ile na kiasi kile kile, na wanakatwa asilimia 5 badala ya PAYE. Wanaambiwa wamependelewa, kwa kuwa makato ni madogo. Mmeshaona katika hesabu yetu kwamba udogo huo ni wa leo tu, bei kamili inawasubiri mwezi wa Juni. Lakini kilichopotea ni kikubwa kuliko kodi. Hakuna mchango wa mwajiri NSSF. Hakuna likizo ya siku 28. Binti akijifungua, siku 84 za likizo ya uzazi hazimhusu. Akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumjui.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeliona jambo hili. Kifungu cha 61 kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uandikwe vipi, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Baadhi ya dalili hizo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amekuwa sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo mmoja kwa riziki, anapewa vifaa, au hafanyi kazi kwa mwingine yeyote. Someni orodha hiyo mkiwa na mkataba wenu pembeni. Simwambii mtu yeyote aende kugombana kesho, najua kodi ya chumba inalipwa na nini. Ninachotaka ni mtu ajue jina la kitu anachofanyiwa, na atunze ratiba, barua pepe na hati za mahudhurio, kwa sababu siku ya kuhitaji haki yake ndizo zitakazozungumza. Na nyinyi wenye ofisi mliokuja kusikiliza, nawaomba kwa moyo wote, mwajirini kijana huyo. Mmeshamwamini na funguo za ofisi.

Viwango nilivyovitaja leo vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha, inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila mwezi wa Julai tafuteni mabadiliko hayo, hata kama ni kwa kuuliza.

Nimemaliza upande wangu. Najua wapo waliokuja na barua za TRA kwenye mikoba yao, hawajazifungua kwa hofu. Tafadhali msiondoke nazo hivyo. Kama ni barua ya tathmini ambayo hukubaliani nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi tangu uipokee, na siku hizo zinahesabika hata bahasha ikiwa imefungwa. Pingamizi nalo lina sharti la kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, au kile usichokibishia, kile kikubwa kati ya hivyo viwili, isipokuwa ukiomba kupunguziwa kwa sababu nzuri. Nitakaa kwenye meza ile ya dirishani mpaka mlinzi aje kufunga. Aliyepokea barua mapema zaidi ndiye tutakayeanza naye.